Mashua Kuukuu ya Matanga: Utazame Mpangilio wa Ndani au Hali Yake?

Anayetafuta mashua ndogo ya matanga ya kusafiria, ya futi 26 hadi 28 na iliyokwisha kutumika, hukutana na washauri wa aina mbili. Wa kwanza humwambia achague mpangilio wa ndani unaomfaa, kwa kuwa injini na matanga hununulika lakini vitanda havihamishiki. Wa pili humwambia atazame hali ya chombo na bei yake, ndani atazoea.

Tuchukue tatu ambazo ziliundwa kwa wingi na bado zinauzwa. Catalina 27 ya Marekani ilichorwa na Frank Butler na Robert Finch, ikaanza kutoka mwaka 1971. Albin Vega ya Uswidi ni kazi ya Per Brohäll. Westerly Centaur ya Uingereza iliundwa kuanzia 1969 hadi 1980. Kwa urefu zimekaribiana mno, lakini ukishuka ndani hutadhani ni za rika moja. Vega ni nyembamba, upana wake hauzidi mita 2.5, na sebule yake ni viti viwili virefu vinavyotazamana. Catalina ni pana zaidi, na nyingi zina meza ya kulia iliyobanwa upande mmoja, viti mbele na nyuma yake. Meza ikishushwa huwa kitanda cha watu wawili. Centaur ilitolewa kwa mipangilio kadhaa, kwa hiyo jina peke yake halikuambii utakuta nini.

Mkiwa mmetia nanga, meza ile haina mpinzani: watu wanakula wakitazamana huku mwingine akipika bila kuruka miguu yao. Baharini mambo hugeuka. Chombo kikilala upande, aliye kwenye kitanda kipana hubiringika usiku kucha, ilhali aliye kwenye kiti kirefu chembamba cha upande wa demani, yaani ule chombo kinakolalia, akiwa amezuiwa na kitambaa kilichofungwa kando, hulala fofofo. Kitanda cha omo, yaani cha mbele, kipenzi cha picha za matangazo, hurukaruka mawimbi yakianza. Hata hivyo wamiliki wengi hulala nangani, si safarini, na kwao wapenda meza wana haki.

Tatizo ni kwamba bei haijali sana hoja hizo. Catalina mbili za mwaka mmoja zikitofautiana bei, tazama kwanza kule tezi, yaani nyuma: je, ina mashine ya kuning'iniza au injini ya dizeli ya ndani? Kuweka dizeli mpya katika chombo cha ukubwa huu mara nyingi hugharimu kuliko chombo chenyewe. Nyaya za chuma zinazoshika mlingoti nazo zina umri wake, na kampuni nyingi za bima huulizia zikishapita miaka 10 hadi 15. Centaur ina sababu yake ya pekee ya kupendwa: mikuku yake miwili, yaani mapezi mazito yaliyo chini ya mwili, huifanya isimame wima maji yakipwa, ikae kwenye maegesho ya bei nafuu. Lakini pale mikuku inapoungana na mwili ndipo pa kukaguliwa kwa makini, maana udhaifu wake unajulikana.

Inua magodoro utazame pale vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti vinapopita kwenye sitaha. Michirizi ya kahawia chini yake ina maana maji yanaingia. Kisha gongagonga sitaha kwa mpini wa bisibisi. Nyingi za enzi hiyo zina mbao katikati ya matabaka mawili ya fiberglasi. Penye uzima husikika mlio mkavu, penye kuoza mlio hufifia. Muuzaji akianza kuzungumza kwa sauti wakati huo, endelea kugonga.

Mimi niko upande wa pili, ila si kwa mashua yoyote. Asiyetoshea kwa urefu kwenye kitanda chochote aiache, hata ikiuzwa bei ya kutupa. Baada ya hapo, kati ya Vega yenye dizeli nzima na Catalina yenye meza ya kuvutia juu ya sitaha inayobonyea, ningechukua Vega, wageni wakabanane.