Kidari, Wali na Dodoso Lisiloona

Nilipokuwa Valencia nilipanga nyumba na jamaa mmoja wa Colombia, kajazia kweli kweli. Mizani ndogo haikutoka mezani jikoni kwetu. Wali gramu 150, kidari cha kuku gramu 200, brokoli. Mizani ikizidi kidogo, anapunguza wali kwa kijiko na kuurudisha sufuriani. Kengele ya simu ikilia anakula, hata kama cha mwanzo hakijashuka. Jumapili moja mama mwenye nyumba alitualika paella, wali wao maarufu wa sufuria pana. Jamaa alikuja na kontena lake, akalifungua kando ya lile sufuria pana ambalo wenzake wote walikuwa wanachota. Yule mama alinuna hadi tulipoaga.

Jimu walimsifu kwa nidhamu. Mimi nilimwona mgonjwa, na bado naamini hivyo.

Tatizo ni kwamba ukimpa dodoso la kupima maradhi ya ulaji, anatoka mzima. Chukua EDE-Q, dodoso lililotolewa na watafiti Fairburn na Beglin mwaka 1994, ambalo limetumika sana duniani na toleo lake la sasa lina maswali 28. Linauliza: ndani ya siku 28 zilizopita, umewahi kukaa saa 8 au zaidi bila kula ili kubadili umbo au uzito? Huyu anayekula kwa kengele atajibu sifuri. Je, unaogopa kuongezeka uzito? Anauomba uje! Yuko kwenye kile watu wa jimu wa Kihispania wanachokiita "volumen", miezi ya kujaza mwili, kabla ya "definición", miezi ya kukausha mafuta. Kuhusu kutamani tumbo bapa kabisa, yeye analitaka lenye matuta.

Maswali haya yalitungwa akilini yupo msichana anayetaka kukonda. Hata mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, mpaka toleo la DSM-5 lilipotoka mwaka 2013, uliweka kukosa hedhi kuwa kigezo kimojawapo cha anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa unene. Mwanamume angekitimiza vipi, sijui.

Na si kwamba wanaume hawa walikuwa hawajaonekana. Mwaka 1993 daktari wa akili Harrison Pope na wenzake waliandika kuhusu watunisha misuli waliojiona vimbaumbau. Wahispania wana neno lao, "vigorexia", na linatumika hadi magazetini. Lakini dodoso la ulaji wa kutafuta misuli, MOET la mtafiti Stuart Murray na wenzake, lenye maswali 15, limekuja mwaka 2019 tu.

Sasa kuna wanaodhani kazi iliyobaki ni kutafsiri madodoso haya kwa Kihispania. Hapo nakataa. Mtu aliyejazia, Hispania ni "cachas", Mexico ni "mamado", na hilo la pili ukilitamka mbele ya wazee wa nchi nyingine utatafuta pa kuficha uso. Sisi tunaojua Kiswahili cha Unguja kinavyopokewa Lubumbashi hatuhitaji kuelezwa. Ndiyo maana nawaheshimu watafiti waliochukua dodoso la Kihispania la maradhi ya kujiona huna misuli, wakalijaribu kwa wanaume wa Argentina wanaofanya mazoezi, badala ya kuridhika kwamba sarufi imekaa sawa.

Ningeruhusiwa kuongeza swali moja, lingekuwa hili: mara ya mwisho umekula chakula cha mama yako bila kukipima ni lini? Nilimuuliza jamaa yangu. Alicheka, akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika cha nne. Kisha kengele ya simu ikalia.