Mchochota katika tishu za mafuta: chanzo cha kisukari au matokeo yake?

Mwaka 1993 mtafiti Gökhan Hotamisligil na wenzake waligundua kwamba tishu za mafuta za panya wanene hutoa TNF-alfa, kemikali ambayo kinga ya mwili huitumia kuwasha mchochota, yaani mwitikio wake dhidi ya vijidudu au madhara. Walipoizuia, insulini ya panya hao ikafanya kazi vizuri zaidi. Miaka 10 baadaye ikathibitika kuwa unene unapozidi, makrofeji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki, hujazana ndani ya mafuta. Tangu hapo wengi wameuona mchochota kama kiungo kati ya unene na kisukari cha aina ya 2.

Hoja yao ina nguvu. Makrofeji zina kipokezi, yaani protini inayopokea ishara, kiitwacho TLR4, ambacho kazi yake ya asili ni kutambua vipande vya ukuta wa bakteria. Mwaka 2006 iliripotiwa kuwa asidi za mafuta nazo hukiamsha, na kwamba panya wasio na kipokezi hicho walikingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya usugu wa insulini, yaani mwili kutoiitikia insulini ipasavyo, walipotiwa mafuta kwenye damu. Mnyororo ukaonekana umekamilika: mafuta yanazidi, kipokezi kinaamka, mchochota unawaka, insulini inakosa nguvu.

Mnyororo huo umelegea. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba palmitati, asidi ya mafuta inayotajwa mno katika mjadala huu, haikiamshi TLR4 yenyewe. Ni lazima kipokezi kiwe kimeshaamshwa na kitu kingine, kibadilishe jinsi seli inavyotumia mafuta, ndipo palmitati ilete madhara. Tena panya wakilishwa mafuta mengi kwa siku 3 tu, usugu wa insulini huanza hata pale seli za kinga zilipodhibitiwa.

Linalonigusa zaidi ni kazi njema ya mchochota, ambayo husahaulika upesi. Seli ya mafuta iliyojaa kupita kiasi hufa, na makrofeji huizunguka ili kuondoa mabaki yake. Mwaka 2014 watafiti waliwatengeneza panya ambao seli zao za mafuta hazikuweza kuwasha mchochota kikamilifu. Tishu zao za mafuta zilishindwa kutanuka ipasavyo, na mafuta yakaishia kwenye ini. Mwaka 2019 kikafuata kipokezi kingine cha makrofeji, TREM2: panya waliokikosa walikuwa na seli za mafuta kubwa zaidi, kolesteroli ya juu na udhibiti mbaya wa sukari. Kwa hiyo vipo vipokezi vya kinga ambavyo kuvizima ni kumdhuru mgonjwa.

Kwa binadamu, majaribio yamejibu nusunusu. Kingamwili dhidi ya TNF-alfa haikurekebisha kazi ya insulini mwaka 1996, ingawa jaribio lilikuwa dogo, la dozi moja, na si haki kulifanya hukumu ya mwisho. Mwaka 2007 anakinra, dawa inayoziba kipokezi cha IL-1, kemikali nyingine ya mchochota, ilishusha sukari ya wagonjwa katika jaribio la watu 70. Lakini kilichoimarika ni utoaji wa insulini wa kongosho. Usugu wa insulini ulibaki vilevile. Kisha jaribio la CANTOS, lenye wagonjwa zaidi ya 10,000, likaonyesha kuwa kuzuia IL-1 beta, aina mojawapo ya IL-1, hupunguza mashambulizi ya moyo, ila hakuzuii kisukari kipya.

Nauona mchochota kama kichochezi halisi cha ugonjwa, lakini si mwanzilishi wake pekee. Wanaoupuuza hukosea, kwa kuwa salsalati, dawa ya zamani ya maumivu ya viungo, ilishusha HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kadhaa, kwa takriban asilimia 0.4 katika majaribio ya wagonjwa wa kisukari. Hiyo si hesabu ya kutupwa, japo ni ndogo. Wanaoukuza nao wanapaswa kueleza kwa nini panya wanaopunguziwa chakula huongezeka makrofeji kwenye mafuta katika siku za mwanzo, wakati hasa mafuta yanapoyeyuka na mwili ukielekea kupona. Ndiyo maana ningependa juhudi zaidi zielekezwe kwa vipokezi vinavyosafisha kama TREM2, na katika kujua ni wakati gani wa ugonjwa viimarishwe, kuliko kuendelea kutafuta kipokezi kimoja cha kuzima.