Ndege walewale, majina mapya: nani anafaidika spishi zikigawanywa?

Kila mwaka ikikaribia mwisho, watazamaji wa ndege wanaotumia eBird, apu ya kurekodi ndege waliowaona, wanafungua simu wanakuta listi yao imebadilika, mmoja kaongezewa spishi bila hata kutoka nyumbani, mwingine kapunguziwa. Mwaka 2024 mjadala ulikuwa mkali kweli. Yule bundi mwenye uso wa umbo la moyo, ambaye eBird ilikuwa inamhesabu mmoja dunia nzima, aligawanywa wakawa watatu: wa Afrika na Ulaya, wa Amerika, na wa kutoka Asia mpaka Australia. Yaani Mkenya aliyemwona Nakuru halafu akahamia Texas akamwona tena kule, sasa ana wawili. Mwaka huohuo, ndege fulani wadogo wa nchi za baridi wenye utosi mwekundu, waliokuwa spishi tatu, wakarudishwa kuwa moja, na kuna watu walisafiri mpaka kwenye theluji kumtafuta yule mweupe zaidi, wamempoteza hivihivi.

Ndo hapo malalamiko yanapoanza. Kwamba spishi siku hizi zinatengenezwa maabara, kwamba mtu wa kawaida mwenye darubini na daftari hana tena sauti. Mimi siko upande huo, ila kuna sehemu ya hoja yao ni ya kweli na haijibiwi vizuri.

Chukua kinengenenge, kale kandege ka manjano na kijani kenye duara jeupe kuzunguka jicho. Wale wa milimani, kuanzia Ethiopia, Kenya, mpaka kaskazini mwa Tanzania, walikuwa wanawekwa chini ya jina moja. Halafu DNA ikaja kuonyesha kuwa wa mlima huu si lazima awe ndugu wa karibu wa yule wa mlima ule, kuna ambao wako karibu zaidi na vinengenenge wa nyanda za chini kuliko na wenzao wa milimani, maana yake lile kundi la "wa milimani" halikuwa familia moja, walifanana tu kwa sababu wote wanaishi kwenye baridi. Leo kuna wa Kikuyu, wa Kulal, wa Taita, wa Pare Kusini, wa Kilimanjaro, wa Mbulu, kila mmoja na jina lake.

Mtazamaji analalamika kwamba sasa anatambua mlima, hatambui ndege. Ukiwa Taita ni wa Taita, ukiwa Pare Kusini ni wa Pare Kusini, kuna haja gani ya kuangalia? Hii hoja naiheshimu. Lakini jaribu kuangalia kweli. Wa Taita tumbo lake ni la kijivu, wa Kikuyu ni la manjano, na wote wawili wana lile duara pana la jicho. Tofauti ilikuwepo siku zote, ila kwa kuwa jina lilikuwa moja wengi tulikuwa tunaandika jina tunasonga mbele. Kwa hiyo mgawanyo haujamnyima mtu kazi ya macho, umemwambia aangalie wapi.

Na kuna jambo zito kuliko listi ya mtu. Hukohuko Taita, kwenye vipande vya msitu vilivyobaki kama Ngangao na Vuria, yupo apalisi wa Taita, kandege kadogo sana ka msituni, ambaye wengine walikuwa wanamhesabu kama aina tu ya apalisi mwingine aliyejaa mpaka Afrika Kusini. Akihesabiwa hivyo hana shida yoyote kwenye orodha ya ndege walio hatarini, maana spishi yake kwa jumla iko salama. Akihesabiwa spishi kamili anaingia daraja la hatari kubwa kabisa, la mwisho kabla ya kutoweka porini. Ndege ni yuleyule, msitu ni uleule, ila jina moja linaleta pesa za kupanda miti ya asili na lingine halileti kitu. Kwangu mimi hapa ndo mizani inapolala. Usumbufu wa kurekebisha daftari ni mdogo ukilinganisha na hilo.

Hata wanaoishi kwa utalii wanafaidika. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwingine, yule bundi mdogo, njiwa wa kijani, chozi na kinengenenge wake, na mgeni anavuka bahari mpaka msitu wa Ngezi kwa ajili yao. Wangekuwa ni "aina ya kisiwani" tu ya ndege wa bara, wangapi wangevuka?

Sasa upande wa pili, pale unapouma. Kwa miaka mingi dunia ilikuwa na orodha kubwa tatu zisizokubaliana: ya IOC (jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi wa ndege), ya Clements ambayo eBird wanaitumia, na ya BirdLife, shirika la kuhifadhi ndege, ambao walikuwa na mtindo wa kupima tofauti za umbo na sauti kwa alama, zikifika 7 huyo ni spishi. Mwewe wetu mwenye mdomo wa manjano, huyu anayenyakua nyama mikononi mwa watu, orodha moja ilimtenga na nyingine ikamwacha ndani ya mwewe mweusi. Mwongoza watalii amwambie nini mgeni? Juni 2025 ikatoka AviList, orodha moja iliyotokana na hao wote kukaa meza moja, spishi 11,131, na nadhani hii ndo habari bora kwa watazamaji wa kawaida kwa muda mrefu, hata kama inamaanisha wimbi lingine la mabadiliko kabla mambo hayajatulia.

Lakini orodha kukubaliana hakuondoi tatizo la rekodi za zamani. Mbuni wa Kisomali, mwenye shingo na mapaja ya bluu-kijivu, alitengwa na yule wa shingo ya pinki. Aliyeandika "mbuni" Mara au Samburu hana shida, sehemu inatosha kumtambua. Aliyeandika "mbuni" tu pale wanapokaribiana, bila picha wala maelezo ya shingo, rekodi yake inabaki ya wawili, haijulikani ni yupi. Hakuna apu itakayoiokoa. Na vitabu navyo, mwongozo mkubwa wa ndege wa Afrika Mashariki ulitoka 2002 na toleo la pili likaja 2020, klabu ya shule yenye nakala moja ya zamani inafundisha majina ambayo simu haiyatambui, watoto wanadhani wamekosea.

Hapo lawama naiweka kwa wanaotangaza mabadiliko, sio kwa wanaoyafanya. Mabadiliko ya mwaka yanayogusa ndege wetu kwa kawaida si mengi, yanaenea kwenye kurasa mbili za Kiswahili: nani kagawanywa, kwa ushahidi gani, aangaliwe wapi mwilini, sauti yake ikoje, rekodi za zamani zifanyweje. Klabu zinaweza kuliandaa hilo na kulituma WhatsApp mwezi huohuo listi zinapobadilika, na mtu wa Wundanyi, hukohuko Taita, akajua mapema kwamba picha ya tumbo la kinengenenge ina thamani kuliko ya mgongo.