Mapango ya Wachagga: adui alikuwa nani hasa?

Mgeni anayepanda Marangu akitokea Moshi mjini hupangiwa mambo yaleyale: maporomoko, kahawa, mbege (pombe ya ndizi) kidogo, kisha mapango ya Wachagga. Unainama, unaingia chini ya migomba, na mwongozaji anaanza. Humu walifichwa akina mama, watoto na mifugo wakati wa vita. Mlango ni mwembamba makusudi: adui hupita mmoja mmoja, kichwa kikitangulia, na ndani anasubiriwa kwa rungu. Udongo uliochimbwa ulimwagwa mtoni ili siri isivuje.

Ukiuliza adui alikuwa nani, jibu mara nyingi ni fupi: Wamasai.

Si uongo, Wamasai walikuja kutafuta ng'ombe. Ila Kilimanjaro ya karne ya 19 haikuwa nchi moja; Wachagga waligawanyika katika himaya nyingi, kila moja na mangi, yaani chifu wake. Horombo wa Keni aliziteka himaya jirani huko Rombo. Kibosho ya Mangi Sina na Machame ziliumizana vibaya. Rindi wa Moshi naye aliwapiga majirani, na mateka wakaishia kwenye misafara ya watumwa ya kwenda pwani. Basi wapo waliojificha wakimkimbia Mchagga mwenzao wa ng'ambo ya korongo.

Waongozaji nawaelewa. Mtalii mawazo yake yako mlimani; ukimtajia wamangi wanne amekwishapotea. Tena koo hizo zinaoana leo, na hakuna anayetaka kufukua ya Kibosho na Machame kwa ajili ya kiingilio. Hoja hiyo ina uzito, lakini gharama yake anabebeshwa jirani mmoja tu. Mmasai huyohuyo, kwenye ziara hiyohiyo, kesho yake anaombwa aruke apigwe picha!

Kuhusu ukarabati wa mapango haya, siko upande wa wanaotaka yafungwe. Yako ndani ya vihamba (mashamba ya nyumbani) vya watu, na familia isiyopata chochote itayafukia ipande migomba. Taa na ngazi ziwekwe. Kupanua mlango ndiko ninakokupinga, maana wembamba ule ndio ulikuwa silaha yenyewe. Ukiupanua umebaki na shimo. Na tusiitegemee sana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: kipimo chake cha miundo ya kale ni iwe ya kabla ya mwaka 1863, na pango lililochimbwa kwa jembe halina tarehe mlangoni. Mwenye kihamba ndiye mlinzi halisi, kwa hiyo sehemu ya kiingilio imfikie yeye kabla ya kampuni ya utalii.