Mfuko nyuma ya mlango: kura, volkano na habari za mwisho wa dunia

Jirani yangu mmoja hapa Majengo, mtaa wa mji wa Goma, mashariki ya Kongo, mama ya watoto watano, ana mfuko umetundikwa nyuma ya mlango tangu Mei 2021. Nimeuona kwa macho yangu, ni ile mifuko ya mistari tunabebea vitu vya sokoni, ndani kuna shuka mbili, unga wa fufu umefungwa mara mbili kwenye sashe za plastiki, chumvi, redio ndogo na betri zake, karatasi za ubatizo za watoto, na kadi zake za uchaguzi, ile ya zamani na ile ya 2023. Ya 2023 sura imefutika, kumebaki kivuli cha kichwa na nusu ya jina.

Juzi kijana mmoja aliyesoma, mtu ninamuheshimu, aliniambia watu kama huyu mama njo wanarudisha nchi nyuma. Kura ikikaribia tu, anasema, wanaanza: damu itamwagika, giza litakuja siku tatu, ziwa litalipuka, Yesu anarudi kabla matokeo hayajatangazwa, alafu wanatumiana sauti kwenye WhatsApp usiku kucha na asubuhi nusu ya kartiye, yaani mtaa, inaogopa kutoka. Nimefikiria maneno yake wiki nzima. Kuna sehemu amesema kweli kabisa na nitaifikia. Ila huyu mama hajamuelewa, na wako wengi hawamuelewi, tena wale wanaandika kwenye magazeti njo hawamuelewi zaidi.

Tuanze na mji wenyewe. Kwetu hapa mwisho wa dunia hatukuusikia kanisani peke yake. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu, Nyiragongo, ilitapika, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, mtu aliamka ana nyumba na duka, akalala Gisenyi, ng'ambo Rwanda, bila kitu. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ikarudia tena, ule moto ukasimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Na chini ya ziwa Kivu kuna gesi, ya kaboni kama kilomita za ujazo 300 na ya methani kama 60, na wanaosoma mambo hayo wanajua ziwa Nyos kule Kameruni lilifanya nini Agosti 1986, watu kama 1,700 walikufa usiku mmoja kwa gesi iliyotoka majini. Ata mazuku, ile hewa mbaya inalala kwenye mabonde na inaua mbuzi na watoto, wataalamu wa dunia nzima wanatumia neno hilo hilo letu. Sasa mtu amezaliwa hapa, amekulia hapa, unamwambia kwamba kuogopa mwisho ni ujinga, atakuangalia tu.

Alafu kuna ile usiku wa kuamkia 27 Mei 2021. Gavana wa kijeshi alitangaza kartiye 10 za mji zihame, sababu magma, ule moto wa volkano, imefika chini ya mji na inaendelea chini ya ziwa, na mlipuko unaweza kuja bila dalili yoyote. Hayo maneno yalitoka kwa serikali. Watu laki na laki waliondoka, wengine Sake, wengine Rwanda, wengine kwa boti mpaka Bukavu. Mlipuko wa pili haukuja, Juni watu wakarudi. Sijasikia mtu mwenye akili anamuita gavana mjinga kwa hiyo, na ni haki, alisema kile alikuwa nacho mkononi. Kile alikuwa nacho kilikuwa kidogo: kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma kilikuwa kimekaa miezi bila intaneti ya kupokea habari za mashine zilizo mlimani, sababu mradi wa Benki ya Dunia uliokuwa unalipia uliisha 2020. Wale wa kutuambia ukweli wenyewe walifungwa macho.

Yule mama hakungoja tangazo. Yeye aliondoka siku mbili mbele, kwa sauti moja tu ya WhatsApp ambayo hakuna aliyejua imetoka kwa nani. Ilisema mambo ya uongo mengi, kwamba Bukavu nayo itazama, kwamba ni hasira ya Mungu kwa ajili ya wakubwa. Nilimwambia abaki. Akanijibu, "Papa, kama ni uongo nitarudia, nitakuwa nimechoka tu. Kama ni kweli, batoto utabapeleka wapi?" Aliondoka na wale watoto watano, akapata fasi ndani ya kanisa kule Sake. Mimi niliondoka na tangazo, pamoja na mji mzima, barabara imejaa pikipiki, chukudu za mbao, wazee wanabebwa mgongoni, nikalala nje na watoto wangu mvua ikitunyeshea. Sisemi kwamba ile sauti ilikuwa ya kweli. Nasema hesabu yake ilikuwa hesabu ya mtu mzima: kukimbia bure kunalipwa kwa miguu, kubaki bure kunalipwa kwa mtoto. Tangu siku hiyo sijaweza kumcheka.

Ukichukua hesabu hiyo ukaileta kwenye kura, utaona ni ile ile. Tarehe 19 Desemba 2016 mandati, yaani muhula, ya rais Kabila iliisha na kura haikuwa imepangwa, kila mtu alisema siku hiyo nchi inaisha, watu walinunua unga na makaa ya wiki mbili. Nchi haikuisha. Ila watu walikufa kwa risasi Kinshasa na Lubumbashi, kwa hiyo yule aliyefungia watoto ndani siku hiyo, alikuwa mjinga ama alikuwa mzazi?

Ila ile kitu mimi siwezi kuacha, na kila nikizungumza na hawa vijana narudia hapo, ni siku 20. Kura ya 2018 ilisogezwa wiki nzima, ikafanyika 30 Desemba, na tarehe 31 Desemba intaneti ikakatwa nchi nzima. Ilirudi tarehe 19 Januari 2019 jioni. Karibu siku 20. Fikiri vizuri maana yake: nchi ya mamilioni ya watu imetoka kuchagua rais, matokeo tuliahidiwa tarehe 6 Januari, yakaja usiku wa kuamkia tarehe 10, maaskofu Wakatoliki wa CENCO waliokuwa na waangalizi kama elfu 40 wakasema hayalingani na yale waangalizi wao walikusanya, na katika muda huo wote raia hana njia ya kuuliza wala ya kuhakikisha. Tulikuwa tunashuka karibu na mpaka, Petite Barrière, wenye laini za Rwanda wanashika rezo, yaani mtandao, ya ng'ambo, unakuta watu ishirini wamezunguka simu moja, mwenye simu anasoma kwa sauti, aliye nyuma hasikii vizuri, anaenda Birere anasema kile alisikia, na aliyesikia Birere anapanda Majengo na nusu yake. Jioni habari ikinifikia mimi nyumbani ilikuwa tayari imekuwa ya mwisho wa dunia: maji yametiwa sumu, jeshi la kigeni limeingia, ziwa limeanza kuchemka. Hakuna mtu alikaa akatunga uongo huo. Nilikuwa pale, nilishika ile simu kwa mkono wangu, nimeona jinsi neno "wanachelewesha" linatoka mpakani na linafika juu limekuwa "wamekufa".

Siku 20 bila habari ni ndefu kuliko mfungo wowote. Mtu anajaza ile fasi tupu na kile anacho, na sisi kile tunacho ni volkano, ziwa, vita na Ufunuo wa Yohana. Serikali ilisema ilikata ili kuzuia uvumi wa matokeo ya uongo. Nakubali hiyo hofu ilikuwepo, matokeo ya uongo yalikuwa yanatembea tayari jioni ya kura, na kwenye nchi kama yetu namba moja ya uongo inaweza kuchoma mtaa. Ila dawa ilizaa ugonjwa mkubwa kuliko ule ilikuja kutibu. Uvumi ulibaki, tena ulipata nguvu, kile kilichokufa ni njia ya kuusahihisha.

Sasa nifike kwa yule kijana, sababu hoja yake ni nzito na nisingependa kuipita mbio. Uvumi unaua. Watu wa Beni na Butembo, miji ya kaskazini ya jimbo letu, wanajua kuliko mimi. Ebola ilianza kule Agosti 2018, mpaka ilipoisha Juni 2020 ilichukua watu zaidi ya 2,200. Katikati yake kulikuwa na maneno kwamba Ebola haiko, ni ya wanasiasa, wameileta wamalize watu wa huku kabla ya kura. Watu walificha wagonjwa, walizika usiku, vituo vya matibabu vilishambuliwa, na Aprili 2019 daktari wa OMS, Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko kutoka Kameruni, aliuawa ndani ya hospitali Butembo. Huyo alikuwa amekuja kuokoa watu. Wale waliokufa sababu walikimbia kituo cha matibabu, huwezi kuwaambia yatima wao kwamba uvumi ni njia ya maskini ya kujitayarisha. Hapo mimi nanyamaza, kijana ana haki.

Ila nisome na ukurasa wa pili. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, ilitangazwa kwamba Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga pamoja na wengine, watapiga Machi. Kwa Beni na Butembo sababu ilitajwa Ebola na usalama. Walikuwa wapiga kura zaidi ya milioni moja. Na rais aliapishwa tarehe 24 Januari, kwa hiyo ile kura ya Machi haikumhusu tena. Sasa jiweke kwa yule mzee wa Beni ambaye miezi mitano amekuwa anabishana na jirani yake, anamwambia Ebola ni ugonjwa wa kweli, nawa mikono, peleka mtoto kituoni, si siasa. Alafu asubuhi moja anasikia kwenye redio Ebola imemnyima kura ya rais. Atamjibu nini jirani? Siku iliyofuata watu wakavamia kituo cha Ebola pale Beni. Na tarehe 30 watu wa Beni walijipangia kura yao wenyewe, wakasimama kwenye mstari, wakanawa mikono kwanza alafu wakapiga. Hiyo ya kunawa mikono naifikiria sana. Watu wanaoitwa wajinga wa uvumi, wakipewa fasi ya kufanya kitu cha maana, walifuata sheria za ugonjwa bila polisi kuwasimamia.

Kijana aliniambia pia, angalia 2023, walioshiriki ni kama asilimia 43, uvumi umewabakiza nyumbani. Mimi hapo sikubaliani. Watu wa Masisi na Rutshuru, hapa jirani na Goma, wengi hawakupiga sababu ya vita, hiyo haikuwa uvumi. Sehemu nyingi biro za kupigia kura zilifunguliwa saa za mchana, zingine siku iliyofuata, kura ya siku moja ikawa ya siku kadhaa. Mimi nilifika kwenye mstari saa kumi na mbili asubuhi, masini ya kupigia kura ilifika saa saba, nyuma yangu kulikuwa na mama mjamzito akaketi chini kwenye mawe ya volkano mpaka akarudi kwake. Huyo hakurudishwa na nabii yeyote. Na zile kadi, ambazo nchini kwetu njo kitambulisho cha mtu miaka yote hii, nchi ambayo ilihesabu watu mara ya mwisho 1984, kadi nyingi zilifutika kabla ata ya siku ya kura na watu wakawa wanatafuta dupulikata, yaani kadi ya pili. Kwenye avenyu yetu maneno yakatoka kwamba mwenye sura kufutika hatauona mwaka mpya. Ni uongo, ndiyo. Ila sura ilikuwa imefutika kweli.

Mimi naona hapo njo wachambuzi wengi wanakosea. Wanapima uvumi kwa swali moja, ni kweli ama si kweli, wakiona si kweli wanafunga kitabu. Hawaulizi umekaa juu ya nini. Karibu kila mara nimekuta chini yake kitu kigumu cha kushika kwa mkono: kadi imefutika, intaneti imekatwa, tarehe imesogezwa, mashine za mlimani zimekatiwa intaneti. Ukikemea uvumi na kile kitu ukakiacha pale pale, kesho kitaota mwingine. Na pasta anayeuza mafuta ya kupitisha watu kwenye zile siku tatu za giza, huyo simtetei, huyo anajua anafanya nini na anakula pesa ya watoto.

Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, tulikaa siku bila umeme, bila maji, bila intaneti, alafu benki zikafungwa na uwanja wa ndege nao. Siwezi kuelezea watu wa mbali zile siku. Nitasema tu kwamba yule mama alikuwa na unga na redio yenye betri, na nyumba sita za avenyu yetu, pamoja na yangu, tulipata habari kwenye redio ile.

Sasa wanasema 2028. Kuna wanaosema hakutakuwa kura, kuna wanaosema katiba itabadilishwa kwanza, kuna wanaosema mwaka huo Kivu itagawanyika na ziwa litapasuka siku hiyo hiyo. Wiki iliyopita mama aliniita, akashusha mfuko, akatoa ile kadi ya 2023 akaniuliza kama itafaa 2028, ama watasema haonekani. Sikuwa na jibu. Akaniomba nimuandikie jina lake upya kwa kalamu juu ya ile plastiki. Nikaandika, kalamu ikateleza mara mbili, akaipuliza mpaka ikakauka, akairudisha katikati ya chumvi na redio.