Gaini kubwa, valvu na bodi: tunabishana kuhusu sehemu isiyoamua sauti

Mjadala wa amplifaya za gitaa za valvu (mirija ya kioo inayokuza ishara) zenye gaini kubwa, yaani ukuzaji mkubwa, umegawa watu pande mbili. Upande mmoja unashikilia kwamba amplifaya iliyofungwa kwa mkono, waya kwa waya, ina sauti yenye uhai ambayo bodi ya saketi iliyochapwa haiwezi kuitoa. Upande wa pili unasema saketi ikiwa ileile na thamani za vipuri zikiwa zilezile, sauti itakuwa ileile, na anayelipia kufungwa kwa mkono analipia sifa tu. Kila upande una ukweli wake. Tatizo ni kwamba ubishi huu huanza kabla ya swali kubwa kujibiwa: ndani ya amplifaya ya namna hii, sauti inaamuliwa wapi hasa?

Tuanze na hesabu. Valvu ya 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83, ina hatua mbili za kukuza ishara ndani ya kioo kimoja. Kila hatua, ikiwa na rizista ya kiloomu 100 kwenye anodi (sehemu ya valvu inayotoa ishara iliyokuzwa), hukuza ishara takriban mara 50 hadi 60. Pangilia hatua tatu mfululizo na utapata 60 × 60 × 60, yaani mara 216,000. Pikapu (kifaa cha gitaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa ishara ya umeme) inayotoa milivolti 100 ingedai volti 21,600 mwishoni, ilhali umeme unaolisha hatua hizo ni kama volti 300. Kwa hiyo kazi kubwa ya msanifu wa amplifaya hizi haiko katika kuongeza ukuzaji. Iko katika kuamua ishara ipunguzwe wapi, kwa kiasi gani, na masafa gani yapite.

Amplifaya ya Marshall 2203, ile iliyouzwa baadaye kwa jina la JCM800, inaonyesha jambo hili vizuri. Hatua yake ya pili ina rizista ya kiloomu 10 kwenye kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni), bila kapasita sambamba nayo. Rizista kubwa hivyo huifanya valvu iendeshwe "baridi", karibu na kuzimika, hivyo upande mmoja wa wimbi hukatwa mapema kuliko mwingine. Baada ya hapo ishara hupita kwenye rizista mbili za kiloomu 470 zinazoipunguza hadi nusu, kisha ndipo inaingia hatua ya tatu. Mtengenezaji wa amplifaya Mike Soldano, alipotoa SLO-100 yake mwaka 1987, aliongeza hatua nyingine na kuipandisha rizista ya hatua baridi hadi kiloomu 39. Uamuzi huo mmoja umerithiwa na amplifaya nyingi zilizofuata, na ukiubadilisha utausikia mara moja. Rudisha kiloomu 39 hadi 10 na mkwaruzo (sauti ya mawimbi yaliyokatwa) unapoteza ule ukali uliobana, unakuwa mwepesi na wazi zaidi. Hakuna aina ya bodi inayoleta tofauti ya ukubwa huo.

Besi ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Uzi mzito wa gitaa la kawaida hutoa 82 Hz, na wa gitaa la nyuzi saba hutoa karibu 62 Hz. Kapasita ya nanofaradi 22 ikifuatwa na rizista ya megaomu 1 huanza kukata chini ya 7 Hz tu, maana yake besi yote inapita. Kwa amplifaya ya sauti safi hilo ni jema. Kwa amplifaya yenye hatua nne zinazokata mawimbi, besi hiyo hufika kwenye hatua ya mwisho ikiwa na nguvu kuliko kila kitu, inalisukuma wimbi zima juu na chini, na sauti inakuwa kama spika iliyochanika. Badili kapasita hiyo kuwa nanofaradi 2.2 na mpaka unapanda hadi 72 Hz. Iwe nanofaradi 1 ikifuatwa na kiloomu 470, mpaka unafika karibu 340 Hz. Kwenye kathodi ya hatua ya kwanza, mpangilio wa Marshall wa kiloomu 2.7 na maikrofaradi 0.68 hufanya kazi kama hiyo kwa upole zaidi: masafa ya juu yanakuzwa kikamilifu, ya chini yanaachwa nyuma.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili kwa sikio, ingawa chanzo chake ni tofauti. Gridi, sehemu ya valvu inayopokea ishara, ikisukumwa kupita volti ya kathodi, huanza kuvuta mkondo, na mkondo huo hujaza chaji kwenye kapasita inayoiunganisha na hatua iliyotangulia. Chaji hiyo huizima valvu kwa muda mfupi baada ya kila pigo. Mpigaji husikia noti ikikatika na kurudi kwa kukohoa, hasa anapopiga kwa nguvu huku kiganja kimezizuia nyuzi. Dawa ni kuongeza rizista kabla ya gridi, kiloomu 220 hadi 470 badala ya 68 kwenye hatua za katikati, kupunguza kapasita, na kuweka kigawanyo cha volti kati ya hatua. Wanaobadilisha valvu mara tatu wakitafuta dawa ya tatizo hili wanapoteza pesa.

Katika suala la besi ndipo kampuni ya Mesa/Boogie inapochochea ubishi mkali zaidi. Amplifaya zake za familia ya Mark huweka vidhibiti vya toni kabla ya hatua kuu za mkwaruzo. Ndiyo sababu wanaoifahamu huacha kidhibiti cha besi karibu na sifuri, kisha hurudisha besi mwishoni kwa ikwalaiza ya bendi tano: 80, 240, 750, 2200 na 6600 Hz. Amplifaya yake nyingine, Dual Rectifier, hufuata njia tofauti, vidhibiti vya toni vikiwa baada ya mkwaruzo, na inajulikana kwa besi pana inayofika kwenye mkwaruzo ikiwa nzito. Wakosoaji husema amplifaya inayohitaji pedali ya mkwaruzo ya Tube Screamer mbele yake ili isikike imebana ni amplifaya yenye kasoro. Wapenzi wake hujibu kuwa upana huo ndio uliowafanya wainunue. Mimi niko na wapenzi hapa, kwa sababu pedali hiyo haifanyi muujiza wowote: rizista ya kiloomu 4.7 na kapasita ya nanofaradi 47 ndani yake huanza kupunguza ukuzaji chini ya 720 Hz. Weka kidhibiti cha mkwaruzo sifuri, kiwango cha sauti juu, na umeiondoa besi kabla ya amplifaya kuiona. Besi iliyopo unaweza kuipunguza kwa pedali. Amplifaya iliyokatwa besi ndani ya saketi, bila ikwalaiza ya mwisho, hairudishiwi uzito wake kwa urahisi.

Kwa masafa ya juu, valvu yenyewe ina la kusema. Kati ya gridi na anodi ya 12AX7 kuna kapasitansi ya takriban pikofaradi 1.6, ambayo kwa ukuzaji wa mara 60 huonekana kwenye gridi kama pikofaradi 100 hivi. Ikikutana na rizista ya kiloomu 470, sauti zilizo juu ya kama 3400 Hz huanza kushuka. Ndiyo maana wasanifu huweka kapasita ndogo sambamba na rizista hiyo kurudisha ung'avu, na ndiyo maana fundi anayeiongeza bila kufikiri huishia na sauti ya msumeno.

Suala la gaini ngapi inatosha lina jibu la kipimo pia. Rizista ya kiloomu 68 kwenye gridi ya kwanza hutoa kelele ya joto ya karibu maikrovolti 3 katika upana wa kilohezi 10. Ni kidogo sana, lakini hatua zote zilizofuata zinaikuza pamoja na gitaa. Kuishusha hadi kiloomu 10 hupunguza kelele hiyo hadi chini kidogo ya asilimia 40, ingawa ulinzi dhidi ya mawimbi ya redio hupungua pia. Wanaotaka gaini zaidi wana hoja: noti hudumu, na mkono wa kushoto unaweza kufanya kazi bila piki. Ila kila hatua inayoongezwa hubana tofauti kati ya pigo laini na pigo kali, hadi mpigaji mzuri na mpigaji wa kawaida wanasikika sawa. Kwangu hiyo ni hasara kubwa, na watengenezaji wengi walivuka mpaka huo zamani.

Sasa turudi kwenye bodi. Ukuzaji ukiwa mkubwa hivi, pikofaradi 1 tu kati ya waya wa mwisho na waya wa mwanzo inatosha kuifanya amplifaya ipige mlio yenyewe bila gitaa, wakati mwingine kwa masafa ambayo sikio halisikii lakini yanayochosha valvu na kuifanya sauti iwe butu. Anayefunga kwa mkono anaweza kusogeza waya kwa ncha ya kijiti kikavu cha mbao hadi mlio unyamaze, na huo ni uhuru wa kweli. Lakini amplifaya mbili za fundi huyohuyo zinaweza kutofautiana kwa sababu waya mmoja umepinda tofauti. Bodi iliyochapwa, ikichorwa vizuri mara moja, hurudia umbali uleule kwenye kila nakala. Ikichorwa vibaya, hurudia kosa lilelile kwenye kila nakala, na hakuna kijiti kitakachokusaidia. Kwa hiyo kinachosikika ni mpangilio. Bodi yenyewe haina sauti.

Waya wa kuingilia unapaswa kuwa na ngao iliyoungwa ethi upande mmoja tu. Nyaya za filamenti za volti 6.3 zisokotwe na zipite kwenye kona ya chasisi, mbali na gridi. Ikiwa mvumo bado upo, filamenti za valvu za awali zilishwe umeme wa mkondo usiogeuka mwelekeo (DC). Ethi ya hatua za kwanza iungwe kwenye chasisi karibu na tundu la kuingilia, na ethi ya kapasita kubwa za umeme isipite njia hiyo. Anayefuata haya atapata amplifaya tulivu kwenye ujenzi wowote kati ya hiyo miwili.

Kuhusu kudumu, wapinzani wa bodi iliyochapwa wana nguvu zaidi. Filamenti ya EL34, valvu ya nguvu inayosukuma spika, hutumia ampea 1.5 kwa volti 6.3, yaani karibu wati 9.5. Valvu nne ni wati 38 za joto hata kabla ya anodi kuanza kazi. Soketi zikiwa zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, joto hilo likipanda na kushuka kila siku hupasua lehemu kwa duara dogo linalozunguka pini, na dalili yake ni sauti inayokatika amplifaya ikipata moto. Pia cheche ikiruka kati ya pini ya 3, ambayo ni anodi, na pini ya 2 ya filamenti, bodi huungua na kuwa kaboni inayopitisha umeme, na sehemu hiyo hulazimika kukatwa kabisa. Soketi iliyofungwa kwenye chasisi na kuunganishwa kwa waya hubadilishwa na kazi inaendelea. Hata hivyo, bodi za kale za nyuzinyuzi nyeusi zilizofungwa kwa mkono hufyonza unyevu na kuvujisha umeme kati ya sehemu za kulehemia, kosa ambalo bodi nene ya nyuzi za kioo halina. Ujenzi ninaoupendelea ni wa mchanganyiko: bodi iliyochapwa kwa hatua za awali, soketi za valvu za nguvu na potensiometa (rizista za kurekebisha kwa kuzungusha) kwenye chasisi.

Valvu za nguvu hupewa sifa kuliko kazi wanazofanya. Masta volyumu (kidhibiti cha sauti kabla ya valvu za nguvu) ikiwa chini, EL34 na mwenzake 6L6 haziko karibu na kukata wimbi, na tofauti kati yake ni ndogo kuliko tofauti ya kubadilisha spika. Vivyo hivyo swichi ya Dual Rectifier inayochagua valvu au diodi za kurekebisha umeme: kulegea kwa volti hutokea mkondo unapopanda sana, na kwa sauti ya chini haupandi. Ila bayasi, yaani volti inayopanga mkondo wa valvu ishara ikiwa haipo, ni muhimu. Amplifaya ya Peavey 5150 ya mwaka 1992 ilitoka kiwandani bila potensiometa ya kuirekebisha, ikiwa imepangwa upande wa baridi. Wanaoitetea husema valvu hudumu na besi hubana, na wanaoiongezea potensiometa husema sauti hunenepa. Wote wanasikia kitu halisi.

Kupima ni rahisi kwa anayejua hatari. Weka rizista ya omu 1 kati ya kathodi ya kila valvu ya nguvu na ethi; milivolti 1 juu yake ni miliampea 1. Kwa EL34 ya wati 25 ikiwa na volti 450 kwenye anodi, asilimia 70 ya uwezo ni wati 17.5, yaani miliampea 39. Kwa 6L6GC ya wati 30 ni karibu miliampea 47. Hicho ni kikomo cha juu, na kipimo hicho kina mkondo wa skrini (gridi ya pili ya valvu) ndani yake, hivyo kukaa chini kidogo si kosa. Spika au mzigo wa omu sahihi uwe umeunganishwa wakati wote, kwa sababu transfoma ya spika ikikosa mzigo hurusha volti zinazoweza kuchoma nyaya zake. Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa umeme, tumia rizista ya kiloomu 10 ya wati 10 yenye klipu zilizofunikwa kutoa chaji ya kapasita kubwa, kisha pima kwa mita. Volti 450 zinaweza kubaki humo muda mrefu baada ya taa kuzimika, na zinaua.

Na anayetaka kulinganisha amplifaya mbili za ujenzi tofauti, atumie kabati moja, spika zilezile na waya uleule, na asawazishe kiwango cha sauti kwa mita hadi tofauti ibaki chini ya desibeli 1. Ile iliyo juu kidogo huonekana nzuri zaidi kwa kila sikio, na spika za Vintage 30 zikibadilishwa na spika nyingine katikati ya jaribio, linalolinganishwa ni spika.