Mkono unaobembea si mkono unaofanya kazi

Hapa Tanga, aliyepata kiharusi akitoka Ngamiani, tuseme barabara ya 12, kwenda hospitali ya Bombo kufanyiwa mazoezi, mbele ya mtaalamu hujikaza: mkono unapanda, kikombe kinashikwa. Akirudi nyumbani, nazi anakuna mjukuu, chai inanywewa kwa mkono mzima, na ule mgonjwa unalala pajani kutwa. Wataalamu wanalijua hili: mkono wenye uwezo unaweza kuachwa mpaka ukasahaulika. Lakini nani anauona huko uani?

Hapo ndipo vihisi mwendo vinaponivuta. Ni vidude vya kufungwa kama saa, ndani mna akselerometa inayopima mchapuko, yaani mabadiliko ya kasi, na jairoskopu inayopima mzunguko, na vingi huandika mara 100 au zaidi kwa sekunde. Mfunge mgonjwa kila kifundo cha mkono, jioni linganisha pande mbili. Maabara ya kamera za kupima mwendo, kwa usahihi wake wote, haiwezi hilo. Mgonjwa haishi maabara. Hospitalini kwenyewe sioni faida kubwa. Mtaalamu mzoefu akiuona mguu unachora nusu duara badala ya kukunja goti, hana haja ya grafu.

Tatizo ni kwamba kihisi hakijui maana ya mtikisiko. Mgonjwa akienda sokoni kwa miguu, mkono uliopooza unabembea, nacho kinahesabu kuwa umetumika. Bajaji ikipita kwenye mashimo, hesabu inapanda tena! Jairoskopu nayo ina kosa dogo linalojilimbikiza, na kihisi kikifungwa mguuni, baada ya muda pembe ya goti inayosomeka si ya goti lile. Magnetometa, kipima uga wa sumaku ambacho mara nyingi huwekwa kuirekebisha, huyumbishwa na chuma kilicho karibu, na nyumba zetu ni nondo na vitanda vya chuma.

Siri ya mgonjwa pia. Kidude kinachojua mkono ulipotulia kinajua na saa za kulala, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 habari za afya ni taarifa nyeti.

Fedha zikiwa za kitu kimoja, mimi ningeajiri mtaalamu. Zikibaki, anunue jozi moja ya kuazimisha siku tatu tatu, na mjukuu apewe daftari la kuandika saa ambazo bibi alikuwa njiani, ili dakika za kubembea zitolewe.